Kopo la Oili la Kila Asubuhi

Mama zangu na dada zangu, nimepewa dakika chache za shukrani, na mimi nikianza kuzunguka naogopa na kukaa chini, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Sikuja na mengi. Nawaletea fundi mmoja, nawaletea mke wake, nawaletea na mashine moja kuukuu inayovuja oili, halafu mtaniambia wenyewe kama humo ndani hamkujiona.

Huyu fundi kazi yake ni kuchonga vyuma. Sisemi wale wa kuchomelea mageti, wale mnawajua, wala sisemi wa magari. Huyu ana ile mashine ndefu kama kitanda, chuma kitupu, inayokibana kipande cha chuma kwa meno matatu na kukizungusha kwa kasi, na kisu kinakisogelea taratibu na kukimenya, kinakimenya kama mtu anayemenya kiazi, mpaka kinatoka kimenyooka, kinang'aa. Shafti ya mashine ya kusaga ikilika, inaletwa kwake. Pampu ya kisima ikigoma, inaletwa kwake. Mji mzima hakuna mwingine. Mashine ikinguruma, ujue kwake wanakula. Ikinyamaza siku mbili, majirani wanauliza kuna msiba gani.

Na alivyoipenda! Aliinunua siku kiwanda cha chai kilipofungwa, imeota kutu, kuku wametaga chini yake, watu wakamcheka kwamba amenunua kaburi. Yeye akaileta kwake, akaiweka kwenye banda lililo ubavuni mwa jiko, akaisugua wiki nzima kwa msasa na mafuta ya taa, halafu akachukua brashi na rangi ya kijani akaipaka. Akaipaka miguu, akaipaka kichwa, akapaka vishikio, akapaka kila brashi ilipofika. Mke wake akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Tuse, umeipamba kuliko ulivyonipamba mimi siku ya harusi."

"Wewe ulikuja umeshapambwa, Mama Tuse," akasema bila kugeuka. "Huyu hana shangazi."

Basi, mashine ikawaka, kazi zikaja, mtoto akanywa maziwa, wakamshukuru Mungu. Sikilizeni hapo, wakamshukuru, maana wengine tunajua kushukuru mwanzoni kabisa, rangi ikiwa bado mbichi.

Halafu siku moja fundi akaona tone.

Tone moja tu, jamani, la oili, chini ya kichwa cha mashine, pale penye magia yanayoogelea ndani ya oili yao. Tone moja sakafuni. Mtu mwingine angepiga teke vumbi juu yake akaendelea. Lakini fundi moyo ukamlipuka, kwa sababu mashine ya namna hiyo ikikosa oili magia yanasagana, yakisagana yanashikana, yakishikana ndiyo basi, vipuri vyake havipo tena duniani, aliyevitengeneza ameshazikwa. Akachukua kopo, akachota oili kwenye dumu, akafungua kifuniko cha juu, akaongeza. Roho ikatulia. Kesho yake yakawa matone matano. Akaongeza kopo lingine.

Mnaona inakoelekea? Yeye hakuona.

Akaanza kutibu. Akabadilisha sili ya mbele, ule mpira unaozuia oili isitoke kwenye shafti, akauweka mpya. Ikavuja. Akaubadilisha tena, akisema wa kwanza ulikuwa feki. Ikavuja. Akakata gasketi, ile karatasi inayobanwa kati ya chuma na chuma, kwa boksi gumu, akaipaka silikoni, akakaza nati mpaka jasho likamwingia machoni. Ikavuja zaidi, sasa inatokea na nyuma, inatiririka mpaka kwenye mkanda unaoizungusha mashine, mkanda unateleza, chuma kinasimama katikati ya kuchongwa na wateja wanatazamana. Akafunga matambara. Akaweka sinia chini. Akamwaga pumba za mbao sakafuni, zikalowa, akazizoa, akamwaga nyingine. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kopo moja la oili. Hilo hakulikosa hata siku moja. Unaweza kukosa sala ya asubuhi, lakini kopo? Hapana.

Akagombana hata na muuza oili. "Madumu yako unayapunja," akamwambia. "Dumu halimalizi wiki mbili!" Muuza oili akaapa kwa mama yake mzazi kwamba dumu limejaa. Wakaachana kwa maneno makali, watu waliokuwa wanasalimiana vizuri tu miaka yote.

Na mke? Mke naye hakuwa na raha. Mwanamke anayeona mashine inayomlisha mtoto wake inatokwa na damu kila siku, atapata wapi raha? Alikuwa akipika akitega sikio upande wa bandani, mlio ukibadilika kidogo mwiko unasimama ndani ya sufuria. Alikuwa anaomba, anasema, "Bwana, usiiache ikauke. Bwana, usiiache ikauke." Na kweli haikukauka. Hilo ombi lilijibiwa sana.

Sasa wana mtoto, Tuse, miaka mitatu, umri ule ambao mtoto hatembei, anakimbia tu. Asubuhi moja akakimbia kutoka jikoni kwenda kumpelekea baba yake kiazi. Akaingia bandani, akakanyaga ile oili, miguu ikaenda huku na kichwa kikaenda kule, paji la uso likagonga mguu wa mashine.

Mama zangu, kile kimya! Mnakijua kile kimya kati ya mtoto kuanguka na mtoto kulia? Mama yake alikisikia akiwa jikoni. Alipofika, baba alikuwa amemshika mtoto, damu inachuruzika kupita jicho, kiazi bado kiko mkononi.

Walimshona zahanati. Akapona, Mungu ni mwema, alibaki na kovu dogo kama punje ya mchele. Lakini siku ile walivyorudi, fundi hakuwasha mashine. Akakaa kwenye ngazi ya jiko akasema, "Nimeshindwa, Mama Tuse. Nimeitibu miezi minane. Naiuza kwa skrepa. Nitakwenda kupasua mawe."

Mke hakubisha. Alitamani kubisha, kwa sababu mawe anayajua, kaka yake yamemla vidole viwili. Lakini akamtazama mtoto na ule uzi kwenye paji, akasema tu, "Sawa, Baba Tuse."

Jumamosi mnunuzi wa skrepa akaja na lori na mzani na vijana wanne wa kubeba. Mtu mnene, mcheshi, anayejua chuma kwa kukigonga. Akaizunguka ile mashine, akaigonga mbavu, akasema, "Nzito hii. Tutaikata vipande." Mtungi wa gesi ukashushwa. Mke akarudi jikoni, hakuweza kuangalia.

"Subirini kwanza," mnunuzi akawaambia vijana. "Oili. Tumwage oili."

Maana hiyo ndiyo desturi ya watu wa skrepa, hawapimi kitu chochote kabla hawajamwaga kilicho ndani. Mzani haujui hiki ni chuma na hii ni oili, unapima tu, na wao wameshatapeliwa sana. Akaweka ndoo chini, akalegeza nati ya tumboni. Oili ikaja. Fundi alitegemea itoke kidogo tu, si inavuja kila siku? Ndoo ikajaa. Wakaingiza ya pili. Ikajaa. Mnunuzi akakunja uso.

"Shemeji!" akaita jikoni. "Tusaidie beseni!"

Mke akaleta beseni, lile la kuogeshea mtoto, halikuwepo lingine. Nalo likaanza kupanda. Mnunuzi akasimama wima, akajipangusa mikono polepole, akamgeukia fundi.

"Fundi, mimi na wewe tunaheshimiana, sivyo?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona unanifanya mtoto? Umeijaza oili mpaka kooni ili mzani wangu ulale! Nimeona watu wanaweka mawe, nimeona wanaweka mchanga, wewe umeona uniletee kisima?"

"Sijaijaza!" fundi akasema. "Inavuja! Wewe tazama sakafu! Mtoto wangu ana nyuzi tatu usoni kwa sababu inavuja!"

"Inavuja halafu imejaa? Hiyo ni mashine au ni Ziwa Nyasa?"

Vijana wakacheka. Mnunuzi, kwa hasira ya kutaka kumuumbua, akachukua bisibisi, akachuchumaa mbele ya kichwa cha mashine, akaanza kukwangua rangi ya kijani. "Nimevunja mashine kama hizi nyingi," akawa anasema, "na kila moja ina jicho lake. Jicho haliongopi." Akakwangua, rangi ikabanduka magamba magamba, na pale ambapo fundi miaka yote alijua ni kizibo cha chuma, pakatokea kioo. Kioo kidogo cha duara, hakizidi kizibo cha soda. Na katikati ya kioo, mstari mwekundu.

Kile kioo fundi alikuwa amekipaka rangi yeye mwenyewe. Ile wiki ya furaha.

"Oili ilitakiwa ikome hapa," mnunuzi akasema, ukucha uko kwenye mstari. Sauti yake ilikuwa imeanza kushuka. "Ikizidi hapa, magia yanairusha, itatafuta pa kutokea tu, hata ungeweka sili ya dhahabu. Ulikuwa unaongeza?"

"Kopo moja. Kila asubuhi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa inavuja."

"Ilikuwa inavuja kwa sababu unaongeza, fundi!"

Fundi akakaa chini, palepale kwenye pumba. Lakini mnunuzi alikuwa bado anatazama ndoo mbili na beseni, anatazama sakafu ilivyolowa, mtu wa mahesabu ya mizani huyo, akatikisa kichwa.

"Hapana. Hata hivyo hapana. Kopo moja kwa siku, na inavyomwagika hivi, isingefika kooni. Kuna oili nyingine imetoka mahali."

"Na mimi," akasema mke.

Wote wakageuka. Amesimama mlangoni, mtoto yuko kiunoni mwake, amemshika kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Na mimi nilikuwa naweka. Kabla Baba Tuse hajaamka kufungua banda, naweka kopo moja. Niliona inavuja. Niliogopa ikikauka tutakula nini. Sikumwambia kwa sababu… kwa sababu angejua kwamba naogopa." Halafu akaangalia paji la mtoto, akaangalia sakafu, na mnajua alichokiona. Alichokanyaga mtoto wake alikimwaga yeye. "Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, ni mimi."

Fundi alinyanyuka. Angeweza kusema neno moja hapo ambalo lisingesahaulika mpaka wanazeeka. Mnalijua. Wengine tumeshaambiwa. Yeye akaenda akamchukua mtoto, akambeba mkono mmoja, mkono mwingine akaushika mkono wa mkewe, wote wawili wamejaa oili, na akasema, "Mama Tuse, mimi nilikuwa nakuficha hofu yangu, na wewe ulikuwa unanificha yako. Na mimi ndiye niliyelipaka rangi lile jicho." Kisha akaanza kucheka, yaani kicheko kile cha mtu aliyekuwa amebeba gunia hajui kama linashushika. "Na muuza oili! Nitamwangalia na macho gani yule mzee wa watu?"

Mnunuzi akawaambia vijana warudishe mtungi wa gesi garini.

"Sisi hatujaelewana bei?" fundi akauliza.

"Mimi nanunua marehemu," mnunuzi akasema. "Huyu yuko hai, mlikuwa mnamzamisha tu."

Wakafunga nati. Wakarudisha oili polepole, mnunuzi mwenyewe amechuchumaa kwenye kile kioo anapiga kelele, "Leta… leta… leta kidogo… koma!" Ndoo nzima na lile beseni vikabaki pembeni, havina kazi. Wakaufuta mkanda, wakatandika gazeti kavu chini, wakawasha. Wakanywa chai wakiwa wamelizunguka lile gazeti kama watu wanaosubiri mgonjwa azinduke. Chai ikaisha. Gazeti lina matone mawili.

"Mawili!" mke akashtuka, na mkono, nawaambia kweli, mkono ukaanza kwenda kwenye kopo.

"Shemeji, weka chini," mnunuzi akasema. "Mzee wa umri huu lazima ajikojolee kidogo."

Basi mfano wangu umefika mwisho, fundi anachonga mpaka leo, sasa tubaki sisi na sisi.

Mungu hakuleta malaika kwenye lile banda. Alileta mtu wa mzani, aliyekuja kukata vipande, aliyekasirika, aliyedhani anatapeliwa, na hasira yake ndiyo iliyokwangua ile rangi. Hivi ni mara ngapi tumemfungia mlango mtu wa namna hiyo? Daktari mkali, mawifi wenye maneno, mwalimu aliyetuita shuleni kutuambia jambo la mtoto tusilotaka kulisikia. Tunamshukuru Mungu kwa waliokuja na maua. Waliokuja na bisibisi je?

Na sisi, akina mama, tunaongeza. Jamani tunaongeza! Mimi mwanangu ana miezi mitano, yuko pale mgongoni kwa mama mkwe wangu, ni wa kwanza kubaki hai, kabla yake nilipoteza mmoja, wengi wenu mlikuja kukaa nami kile kipindi. Basi huyu nilimvika sweta. Nikaona huku kwetu ni baridi, nikamvika la pili, nikamfunga na blanketi, nikamfunika na kitenge juu. Akatoka jasho, akalia, mwili wa moto. Nikasema ni homa. Nikaongeza blanketi. Akazidi kuwa wa moto, nikambeba mbio mpaka kliniki nikiwa nalia njiani, sioni hata ninapokanyaga. Nesi akamfungua, nguo moja, mbili, tatu, nne, tano, akazipanga mezani, akampima, akanitazama.

"Mama," akaniambia, "huyu hana homa. Ana nguo."

Nilikuwa namchemsha kwa upendo. Kama yule mama. Na yule mama hakuwa mbaya, mniambie, nani hapa anaweza kumwita mbaya? Alimpenda mtoto wake, na kilichomwangusha mtoto ni hofu ya huyo huyo anayempenda. Hilo ndilo lililonivunja, ndilo lililonisimamisha hapa leo, maana nilikuwa nimezoea kudhani hofu yangu ni ulinzi. Nilidhani nikiacha kuogopa siku moja tu, ndiyo siku atakayochukuliwa.

Kumbe aliyeitengeneza ile mashine alishajua inahitaji kiasi gani. Akaweka mstari, akaweka na kioo ili tuone. Sisemi tusifanye kazi, sisemi tusiangalie. Yule fundi anaweka oili mpaka leo, ila siku hizi anatazama kwanza. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na ya kutosha. Miezi minane ya kulia na kugombana na kufichana, siku zote zile, ndani ya ile mashine kulikuwa na ya kutosha na kuzidi! Na wangeambiana tu, mume na mke, "Mwenzangu, naogopa," kopo moja lingebaki kwenye dumu. Kwa nini tunalala kitanda kimoja na kila mtu ana kopo lake la siri?

Kwa hiyo leo naomba mniruhusu tuvunje mazoea yetu. Mazoea yetu tunayajua: asante moja ya haraka, halafu maombi hamsini, Bwana ongeza hiki, Bwana ongeza kile, na Mungu anatutazama tukiwa tumejaa mpaka kooni. Leo, dakika hii moja, mtu asiombe kitu. Asiyejua aanze na nini, amtazame mtoto aliye karibu naye, amwone anavyopumua bila kusaidiwa na mtu.

Tusimame, dada zangu. Tuseme asante. Halafu tunyamaze, tusiongeze neno.